Nyimbo za Ukuta Mmoja

Kama kuna mtu aliyezaliwa na ugomvi mdomoni, basi ni yule dobi. Mwanamke mfupi, mikono imekakamaa kwa sabuni, ulimi haujui breki. Ukimpelekea shati lenye doa atakuuliza ulikuwa unakula au unapigana. Wateja walinuna, lakini hawakumhama, maana kwa kufua, jamani, hakuwa na mpinzani.

Nyumba yake ilipakana na ya wifi yake, fundi cherehani, mjane wa kaka yake. Ukuta mmoja, nyua mbili, na chuki ya miaka. Chuki yenyewe hawakuizungumza, waliiimba. Ndivyo walivyorithi kwa mama zao: mwanamke mwenye lake moyoni huliimba huku akifanya kazi, na wa upande wa pili sharti ajibu kabla nguo hazijakauka kambani. Asipojibu, ameshindwa. Kusutana ruksa, kusemana ruksa. Marufuku ilikuwa moja tu: maiti haimbwi.

Siku moja dobi yumo kwenye pasi, redioni akaisikia sauti ya wifi. Kumbe ofisa utamaduni alikuwa akikusanya nyimbo za kusutana zisipotee, zihifadhiwe, zifundishwe mashuleni. Na wifi, bila haya, alikwenda kuimba pande zote mbili peke yake!

*Wifi yangu debe tupu, haliachi kupayuka.*

Huo sawa, ulikuwa wake. Kisha akabana pua, akajifanya dobi:

*Kweli wifi mimi debe, nimekosa nisamehe.*

"Nisamehe?" dobi alipiga ukelele. "Mimi? Nimwombe radhi kenge yule?" Kola ya mteja inaungua, wala hana habari.

Aliingia ofisini bila hodi. "Jibu langu lilikuwa *Debe hili lina maji, wewe ndoo yenye tundu!* Mnataka watoto wa watu wafundishwe kwamba nilipiga magoti?"

Ofisa alijikuna kichwa. "Basi, mama, njooni wote wawili turekodi upya. Lakini ndiyo mara ya mwisho. Itakayotoka hapo ndiyo itakayobaki."

Kesho yake wakakalishwa kwenye chumba cha kurekodia, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Wakapapurana hasa! Ofisa alicheka mpaka akashika mbavu. Ila siku hiyo wifi alikuwa moto wa kuotea mbali. Akashusha huu:

*Wafua nguo za watu, roho yako ina taka.*

Dobi alitafuta jibu, hola. Akawaona watoto wa kesho na keshokutwa wakimcheka, yeye kaburini hana la kusema. Hasira hasara, na methali hiyo aliijua vizuri kabisa. Akafungua mdomo:

*Kaka yangu kafa njaa, mpishi akijipamba.*

Uongo mtupu! Kaka yake aliuawa na ugonjwa wa koo, hata maji yalikuwa hayapiti, na dobi kwa macho yake mwenyewe alimwona wifi akimlisha uji tone kwa tone, nywele hazijaona kitana. Wifi aligeuka, akamtazama. Akachukua pochi yake, akatoka.

"Mama, umeua!" ofisa akapiga makofi.

"Ufute huo."

"Niufute? Mbona ndio mkali kuliko yote!"

"Ufute nakwambia, mbwa we!" Alimporomoshea matusi hadi mlinzi akaja kumtoa. Haukufutwa.

Ukuta ukanyamaza. Dobi alifua akiimba uchokozi wa kila namna, akamwita wifi kila jina baya alilolijua, apate japo tusi moja la kurudishiwa. Alichosikia ni cherehani tu.

Shule zilipofunguliwa, watoto wakapita uchochoroni wakiruka kamba, wanaimba kwa pamoja: *Kaka yangu kafa njaa, mpishi akijipamba!* Dobi akatoka na fagio mkononi.

"Nyamazeni, wana hizaya nyie! Nani kawafundisha?"

"Mwalimu," akajibu mmoja. "Anasema ni wimbo wako, bibi."

Dirisha la wifi likafunguliwa. Tangu siku ile, ndiyo kwanza anatoa sauti, na wala hakuimba.

"Usiwafukuze," alisema. "Imbeni, wanangu. Imbeni kwa nguvu, dada wa marehemu asikie."