Shu Isiyotoa Maji

Pikipiki ilimshusha Abibu katika mtaa wa Ruashi ambao hakuwahi kuukanyaga, mbele ya nyumba ya matofali ambayo bado haijapigwa lipu. Alikuja kupanga chumba. Mwenye nyumba, Germaine, hakumpa mkono kwa sababu ulijaa chumvi. Alimwonyesha kigoda kwa kidevu.

"Unisamehe, baba. Leo niko na ekzame."

Mtihani wenyewe ulikuwa beseni la kabichi, ambayo huku huitwa shu. Saa nane mchana angefika Anaclet, msimamizi wa jiko katika kambi moja ya mgodi upande wa Kilwa ya huku, si ile ya pwani. Alitafuta mpishi mmoja, na garini alikuwa na nafasi moja. Mpishi wa zamani aliondolewa kwa sababu ya saladi ya kabichi: ilitoka jikoni nzuri, ikafika shimoni kwa wafanyakazi ikiogelea katika maji yake. Germaine alikuwa ameuza maharagwe kando ya barabara miaka tisa na hakutaka kuanza wa kumi.

Abibu alikwisha kula kabichi katika miji mingi, lakini hii ilimshangaza. Germaine alikuwa ameikata nyembamba kama nyuzi, akaitia chumvi na kuiacha. Sasa aliifunga kitambaani na kukisokota kama anayekamua shuka, maji ya kijani yakachuruzika. Abibu akauliza kama utamu wote hauondoki na maji hayo. Germaine alicheka, akamsimulia juu ya baba yake, fundi wa reli, aliyekuwa akienda Kamina na chakula cha siku mbili katika kopo. Kabichi ikitoa maji hulowesha bukari, ule ugali wa huku, na wenzake wa garimoshi walimtania siku nzima kwamba ameoa mke anayepika uji. Ndipo mama yake alipoanza kuikamua.

Vinegrete aliitengeneza katika chupa: siki, mafuta, haradali kidogo na kitunguu saumu, akaitikisa mpaka ikawa nzito. Persili na majani ya kitunguu aliyakata mwisho kabisa, honi ya Anaclet ikilia nje.

Anaclet alionja akiwa amesimama, akakunja uso.

"Mama, hii shu imelala. Bazungu ba kambi banataka ilie ku meno."

"Bazungu beko ngapi kule? Na benye kula mu shimo beko ngapi?"

Anaclet alikwenda garini akarudi na bakuli la mwanamke mwingine, wa mtaa wa Annexe, ambaye alikuwa amempima asubuhi hiyo. Alipolifunua, majani yalikuwa yakielea. Kisha akaliinamisha la Germaine mpaka ukingoni. Halikutoa hata tone. Akachota kijiko cha pili, na cha tatu. Abibu alihesabu mpaka sita.

"Ya bazungu utakata yenye kulia," alisema Anaclet. "Ya shimo, ni hii. Weka manguo mu mufuko, tuende."

Baada ya dakika kumi Germaine alitoka na mfuko mmoja, akamwekea Abibu ufunguo kiganjani.

"Chumba yako ni ile ya pembeni. Mutoto yangu Bénie anatoka ku masomo saa kumi na mbili. Umuambie mama amepata kazi."

"Akiuliza mimi ni nani?"

"Umupe shu kwanza. Akiwa na njaa haulizake."

Gari liligeuka, likapotelea katika vumbi jekundu. Abibu alibaki mlangoni na ufunguo na bakuli la shu, akijaribu kupanga maneno ya kumwambia msichana asiyemjua, katika nyumba ya mama yake.