Neno Nililomsahihishia Mjomba

Mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la nane, na barua ya ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Kuongea mbele ya watu ndiko siwezi kabisa, kwa hiyo naandika.

Nachapa kazi za watu katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kitale. Mwenye duka huniita Kobe. "We Kobe, mteja atazeekea hapo kwa benchi bana!" husema, na wateja hucheka. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa dini kule Mabanga, hakuwahi kunicheka. Ugonjwa wa sukari umemla macho, naye alitaka jambo moja kabla hayajazima: makala yake kuhusu kumuse itoke katika jarida la kitaaluma la masomo ya dini. Alinipa madaftari manne. "Chapa polepole, mwanangu," aliniambia.

Kumuse ni baraza la matanga kwetu Wabukusu. Mtu akishazikwa, mzee mwenye kipawa hutembea huku na huku kati ya waombolezaji, akiwafariji na kuwakumbusha tulikotoka. Kazi hiyo huitwa kuswala kumuse. Mjomba aliilinganisha na sala za majirani zetu Waislamu wa mjini Bungoma.

Mimi sikuwa nimewahi kuliona neno hilo limeandikwa. Kila nilipokuta "kuswala" nilidhani macho yamemdanganya, kwamba alitaka "kuswali" kama Waislamu, nikaona haya kumpigia simu mwalimu mzima kumwambia amekosea. Nikaiamuru kompyuta: kila penye "swala" paandikwe "swali". Ilimaliza kabla sijapepesa jicho. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya haraka.

Madaftari nikampa mama anayeuza njugu nje ya saiba, kama tunavyompa karatasi zote zilizokwisha kazi afungie njugu. Nilijiambia mjomba hawezi kuyasoma tena.

Majibu ya jarida yalipokuja kwa barua pepe, niliyasoma mara tatu. Mhakiki mmoja alisema mwandishi anadai wazee wa Kibukusu huswali matangani, na kwamba hajui anachokizungumzia. Tulipewa miezi miwili kurekebisha mswada, la sivyo ungekataliwa.

Mjomba akapiga simu. "Wamesemaje?"

"Wamesema turekebishe marejeo kidogo."

Nilidanganya, kisha nikakimbia kwa mama wa njugu.

"Madaftari gani? Hayo si yaliisha zamani! Ati yalikuwa na maana?"

Nilijaribu kuyarudisha maneno mwenyewe. Lakini kuna kurasa ambazo wazee wa kumuse na masheikh wamechanganyika, nami sikujua nani aliswala na nani aliswali. Wiki tatu nilikaa na mswada ule, silali vizuri, nikiona simu ya mjomba naizima.

Mwishowe nilienda Mabanga. Mke wake alinikuta mlangoni nikitokwa na machozi.

"Kura kwanza, mtoto. Utaria ukishiba."

Sikuweza kula. Nilimweleza mjomba yote.

"Madaftari yote manne?"

"Yote."

Aligeuza uso ukutani. Nilitamani anipige. Kisha akasema, "Haya, soma."

Nikasoma. "Hapo ni kuswala," alisema. "Hapo ni kuswali, acha." Tulikwenda hivyo mpaka matanga ya fundi wa baiskeli wa Bungoma, ambaye watoto wake nusu ni Wakristo na nusu ni Waislamu. Pameandikwa: "Mzee alisimama akaswali, watu wote wakanyamaza." Makala nzima inaegemea mzee huyo. Kama alikuwa mzee wa kumuse, aliyesikilizwa na dini zote mbili, hoja ya mjomba inasimama. Kama alikuwa sheikh, haipo.

Mjomba alifikiri mpaka jasho likamtoka. "Sikumbuki, mwanangu. Niliandika ili nisihitaji kukumbuka."

Nikamwambia tuandike tu "akaswala". Alikataa. Alisema hatatia neno kinywani mwa mzee wa watu.

Sasa umebaki mwezi mmoja, na fundi yule hatujui watoto wake walihamia wapi. Wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye matanga hayo, au mama yako alikuwepo, niandikie: ni nani aliyesimama? Mstari mmoja unatosha. Usijali mwandiko wako. Hata kama jibu ni sheikh, tafadhali niandikie, nitamsomea mjomba.