Bafle Iliyomtazama Zelo

Siku ya kwanza kazini nilifika na tai shingoni. Nilikuwa nimemaliza sosholojia chuo kikuu, na nilidhani kazi ya sauti hufanywa mtu akiwa amekaa. Chef technique, fundi mkuu wa ukumbi wa parokia, mzee mfupi aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio, mahali pa kalamu, alinitazama kwa huruma. "Licencié, bwana shahada, toa ile kamba ya shingo, shika hii." Akanitupia waya uliojikunja kama utumbo wa mbuzi. Wiki nzima nilikunja waya.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bafle, yaani spika, ni za aina mbili: zile kubwa zinazowatazama watu, na ile ndogo iliyolazwa sakafuni ikimtazama mwimbaji ili ajisikie. Hiyo tunaiita retour. "Ukimuondolea mwimbaji retour," alisema, "atasukuma sauti mpaka koo ipasuke. Usifanye ile hata kwa adui yako."

Kutoka parokia nilikwenda redio ya mtaa wa Mangobo, chini ya chef des programmes, mkuu wa vipindi, aliyependa hotuba zake kuliko muziki wowote. Halafu nikapata ukumbi mkubwa wa mjini, kushika table, yaani lile sanduku la vitufe linalogawa sauti. Huko nikamkuta Zelo.

Zelo ni mchanga kwa Kilingala, na mashabiki waliompa jina hilo hawakukosea. Sauti yake ilikwaruza kama mtumbwi unaoburutwa ufukweni. Nyimbo alitunga mwenyewe. Kwenye kanda alikuwa wa kawaida tu; ilibidi umwone jukwaani, Jumapili mchana, jasho limemlowesha shati. Watu walikuja kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wengine kwa lori kutoka Banalia. Mama mmoja muuza pondu, yaani kisamvu, ambaye hakukosa Jumapili hata moja, aliniambia: "Ile sauti ikipasuka, minajua siko miye peke yangu nateseka." Katika masomo yangu yote sikuwahi kusoma sentensi iliyonifafanulia watu vizuri hivyo.

Nami nilikuwa shabiki. Hilo halinisaidii.

Jumapili moja umeme ulituchezea, retour ikazimika katikati ya wimbo. Zelo, akiwa hajisikii, akasukuma. Sauti ikachanika, na ukumbi ukasimama mzima. Jumatatu Directeur wa ukumbi akaniita.

"Jana ulifanya nini?"

"Retour ilikufa, Directeur. Nimeisha kuitengeneza."

"Uitengeneze juu ya nini? Toa ile retour. Kila Jumapili."

"Atajiumiza."

"Bon, sociologue, wewe umesoma batu, donc unajua kile banapenda. Ama nitafute mwingine wa kushika table?"

Nilikuwa na watoto wanne. Pia, na hili ndilo linaloniuma, nilitaka kuisikia tena ile sauti ikichanika.

Basi kila Jumapili, wimbo wa pili ukianza, nilishusha kitufe cha retour yake. Zelo alinyoosha kidole juu, ishara yetu ya kazi: ongeza retour. Mashabiki wakadhani anawasalimu. Nao wakanyoosha vidole, mamia yao, wakipiga kelele: "Pasua, vieux, mzee wetu! Pasua!" Katika mapumziko alinijia amefunga taulo shingoni.

"Kaka, siko najisikia hata kidogo."

"Courant iko chini, vieux. Groupe imechoka," nikasema, nikisingizia umeme na jenereta.

"Groupe inachoka upande yangu tu?" Akacheka, akanipiga begani, akarudi kuimba.

Tulifanya hivyo miaka mitatu. Daktari alipomkataza kuimba kwa nguvu, alijaribu kuimba taratibu, na nadhani ndiyo siku aliyoimba vizuri kuliko zote. Mashabiki wakapiga miluzi. "Tulikuja kusikia Zelo, si mutoto wa korali ya kanisa!" Wimbo wa mwisho akawapa walichotaka. Baada ya hapo hakuimba tena.

Mimi nimestaafu mapema. Masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Vijana wanaoanza kazi hii huniletea rekodi za Jumapili zile kwenye simu, wananisifu: "Papa, ile sauti uliipata namna gani?" Nawaambia kuhusu vitufe na maikrofoni. Ni majibu ya kweli, na hayana faida.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Zelo, nikamweleza yote: kitufe, Directeur, na jinsi nilivyofurahia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha midomo yake ikacheza, nami sikusikia kitu.

"Sema tena, vieux. Masikio yangu yameharibika."

Akashika koo, akavuta pumzi, akasukuma.

"Nilijua. Mchana, wewe ukienda kula, ile retour niliijaribu mwenyewe. Ilikuwa muzima." Akakohoa, akasubiri, akasukuma tena. "Niliwaza utaona haya, uache, kabla sauti yangu iishe."