Goli la Swadik nililolikana Koboko

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Ningetia, ningejipamba, na humu sikujipamba popote.

Tuna group la wazee wa mpira, sisi wa Arua na wenzetu wa Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wiki iliyopita Swadik, mtoto wa Koboko anayeishi Canada siku hizi, akatutumia clip ya ice hockey. Ule mchezo wa kuteleza kwenye barafu na fimbo, goli lenyewe dogo kama banda la kuku. Kuna staa wao anafunga balaa. Akauliza: huyu tumweke wapi kati ya wakubwa wa zamani?

Sisi ambao barafu tunaijua kwenye soda tu tukabishana siku nzima!

Mmoja akasema hesabuni magoli, basi. Mwingine akasema makipa wa zamani walivaa vifaa vidogo, kwa hiyo kufunga kulikuwa rahisi. Mimi nikasema waulizwe makipa.

Hapo ubishi ukarudi nyumbani. Jamaa mmoja akaandika kwamba hata Swadik hayumo kati ya wakubwa wa West Nile, mkoa wetu huu, maana kwenye mechi yenye maana alikaushwa na kipa wa Awindiri, timu ya mtaa wetu hapa Arua.

Kipa huyo ni mimi.

Niwarudishe nyuma kidogo. Enzi zetu magoli ya uwanja wa Koboko yalikuwa ya miti ya mkaratusi. Nyavu tulizisikia redioni. Nyuma ya goli ni shamba la mihogo, na mpira ukipita kwa kasi refa hajui umepita ndani au nje. Desturi yetu ilikuwa refa anamuuliza kipa, na kipa anasema kweli hata kama roho inamuuma.

Jamani, nimeyakumbuka hayo yote. Lile vumbi, karanga za kukaanga pembeni, jezi tulizopokezana zikiwa bado na jasho la wenzetu.

Siku hiyo alikuja kocha kutoka Kampala kutafuta wachezaji. Dakika za mwisho, bila bila, Swadik akawapita mabeki wangu wawili akapiga chini, kona ya kushoto. Nilihisi upepo wake tu. Mpira ukaingia mihogoni.

Refa, mzee mstaafu wa jeshi, akanijia taratibu.

"Kipa, mupira iliingia?"

"Hapana, mzee. Ilipita inje."

Hakuuliza mara ya pili. Wachezaji wa Koboko walilalamika, lakini Swadik mwenyewe aliniangalia tu, kisha akaenda kuutafuta mpira.

Kocha akanichukua mimi. Nilikaa benchi msimu mmoja, nikarudi Awindiri, na leo nauza vipuri vya bodaboda. Swadik hakuna aliyemchukua.

Sasa nasoma anavyopondwa, naye kanyamaza vilevile kama siku ile. Nikashindwa kuvumilia. Nikaandika mbele ya wote: liliingia, nilidanganya.

Siku mbili Swadik hajajibu. Nikajua nimempoteza rafiki.

Kisha ikaja voice note.

"Ndugu yangu, huku goli ikileta matata, refa anaenda kuangalia video. Sisi video yetu ilikuwa wewe." Nyuma yake nikasikia watoto wake wakicheza. "Miaka hii yote mimi nafikiri labda ni macho yangu ilinidanganya. Asante."

Nililia dukani, mteja amesimama na plagi mkononi.

Wakuu, mimi nimejifunza hivi: wa kwanza kujua mfungaji ni mkubwa kiasi gani ni kipa wake. Mimi nilimjua Swadik siku ileile. Ndiyo maana nilidanganya.

Makipa mliomo humu, kama nanyi mna goli mmelificha, litajeni hapa chini. Aliyelifunga huenda bado anayalaumu macho yake.