Magugu Yaliyoizoea Dawa

Kwetu Igunga, mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaondolewe. Majaruba yake ya mpunga hupaliliwa na majirani: wanaingia majini alfajiri, wanang'oa magugu kwa mikono, kisha wanarudi msibani kunywa uji. Bibi yangu alipofariki ilikuwa hivyo. Baba alipofariki, mpunga ukiwa bado mchanga, majirani walikuja na bomba la mgongoni, la kupulizia dawa ya magugu.

Sikuwalaumu. Kijiji kizima kilishaacha kung'oa. Dawa ni ile ile msimu baada ya msimu, na kila ilipolegea tuliongeza kipimo cha kifuniko kimoja. Wakapuliza, wakanawa, wakampa mama pole. Siku hizi hata rambirambi tunapuliza.

Mimi nilikaa mkekani nikitazama vikombe. Watu walilia, mimi sikuhisi kitu, si uchungu wala njaa.

Kaka alichelewa kufika kutoka Dar, matanga yakaendelea. Mama akanituma nikatazame shamba, maana mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka, na wa kumtafutia kingine tulikuwa tumeshamzika. Nikakuta lile gugu linalofanana na mpunga limestawi, ncha tu ndizo zimeungua. Nikarudi nikamwambia.

Jirani mwenye bomba alisikia. "Shikamoo mama. Kesho tutarudia, tutaikoleza."

"Marahaba. Mwaka jana mlikoleza, yakaizoea. Mwanangu, mimi nataka mikono."

Jirani akatazama chini. Naye alikuwa na magugu yake. Kesho yake hakuja mtu.

Mama akajifunga khanga, akaingia majini na nguo zake za msiba. Wakubwa wakaguna. Nikamfuata, lakini mimi nimekulia kwenye dawa, gugu na mpunga sivijui.

"Hili?" nikauliza, nikimwonyesha nililong'oa.

"Mpunga huo. Rudisha."

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Jua lilipopanda tulikuwa tumeokoa jaruba moja, la kando ya njia. Mengine yalikuwa yameshamezwa na magugu, wote wawili tuliliona hilo.

Nikang'oa tena mche wa mpunga. Nikaurudisha topeni, nikaushindilia udongo kwa vidole. Udongo ulikuwa wa baridi, kama ule niliotupia kaburini. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, nimeinama.

Mama hakuacha kung'oa.

"Lia, mwanangu," alisema. "Ila usiukanyage mpunga."