Mrija wa Mchonga Funguo

Mchonga funguo wa pale kona ana vidole vilivyojaa vumbi la shaba, na sauti ya kukwaruza kama tupa yake. Kila asubuhi mama huyo huzima mashine akawamiminia majirani chai chungu ya kwao iitwayo mate: kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma, zamu kwa zamu. Ole wake atakayeufuta mrija. "Unakunywa au unakagua?" humfokea.

Wilmar aliporudi kutoka hospitali, alikolazwa kwa ulevi, alikuta kigoda chake kinamngoja. Mikono ilimtetemeka. Mama akamshikia kibuyu kwa chini, huku akimsimulia habari za kufuli lililomtoa jasho, mpaka Wilmar akamaliza kunywa. Kibuyu kikajazwa, kikaenda kwa mwenye bucha, naye akatoa leso akausugua mrija. Wilmar akainuka aondoke.

Mama akampokonya mwenye bucha kibuyu, akampa Wilmar anywe kidogo, yaliyobaki akayamaliza mwenyewe. Akakijaza tena, akamrudishia mwenye bucha.

"Tumekunywa Wilmar na mimi. Haya, futa basi nikuone."

Leso ikarudi mfukoni. Mwenye bucha akanywa.

"Na wewe Wilmar, unakwenda wapi? Kaa, zamu yako inakuja."