Garama, Fundi wa Upande wa Kulia

Kabla ya adhana ya alfajiri, sauti ya kwanza katika nyumba ya Garama Masha ni ya kisu. Anakinoa kwenye kitako cha kikombe cha chai, pale chini pasipopakwa rangi, kwenda na kurudi, polepole.

"Baba Fancy, utavimaliza vikombe vyangu," mkewe, Josephine, anamwambia kutoka chumbani.

"Vikombe vyanunuliwa, mama. Makali hayauzwi."

Josephine anacheka gizani. Amekuwa akimlalamikia hivyo tangu walipooana, na bado kila jioni humwachia kikombe kimoja dirishani, kimefudikizwa, kitako juu.

Garama ana umri wa miaka sitini na mitatu na anaishi Shika Adabu, Likoni. Ni fundi wa chokaa. Kisu chake ni kile cha mezani, ila kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama ukuti. Kwa kisu hicho amechonga nakshi katika mihrabu za misikiti mingi ya Mombasa bara. Mihrabu ni kile kidaka kilichoingia ukutani upande wa kibla, anamosimama imamu akiswalisha.

Yeye mwenyewe ni Mkristo, Mgiriama wa Ganze. Hilo halijawahi kumsumbua, wala kuwasumbua waliompa kazi. Anasema katika msikiti wake wa kwanza kuna mtu alikuwa akivigeuza viatu vyake mlangoni vielekee nje, ili akitoka avivae bila kuinama. "Mpaka leo sijui alikuwa nani," anasema. "Lakini nilikuwa nikivikuta hivyo kila siku."

Wiki ijayo ataanza mihrabu ya msikiti mpya unaojengwa karibu na Shelly Beach. Ndiyo kazi aliyoililia kuliko zote. Mtu angetarajia kumkuta amechangamka.

"Mimi nina wivu," anasema, huku akijaribu makali kwa kidole gumba. "Andika hivyo hivyo, usinitafutie neno zuri. Namwonea wivu Kai."

"Kai ni mlamu wake," Josephine anaongezea upesi, akiweka chai. "Amemwoa Nyamvula, dadake."

"Hilo nalo ni kosa langu. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani."

Zamani Garama na Kai walikuwa jozi. Chokaa ya mihrabu hupakwa yote kwa mara moja, isiwe na mshono, kisha huchongwa ingali mbichi, laini kama muhogo uliochemka. Ikikauka imekataa. Mtu mmoja hawezi kuiwahi. Kwa hiyo mafundi huwa wawili: mmoja huanza chini upande wa kulia, mwingine chini upande wa kushoto, wakapanda na nakshi zao mpaka wakutane juu, kwenye kilele cha tao. Garama alikuwa wa kulia. Kai alikuwa wa kushoto.

Mihrabu yao ya kwanza ilikuwa katika msikiti mdogo wa mawe uliokuwa hapo hapo Shelly Beach. Ulikuwa msikiti wa kizamani: kuta nene za matumbawe, dari ya boriti za mikoko, paa bapa lisilo na mnara, na birika la kutawadhia lenye mawe ya kusugulia nyayo. Ndani palikuwa na kivuli na ubaridi hata mwezi wa Februari.

Walipofika kileleni siku ile, ua la kati lilikataa kulingana. Garama ana mikono mikubwa, na petali zake zilikuwa zimetanuka zikavuka nusu. Upande wa kulia ua likawa na petali nne, wa kushoto tatu.

"Mlamu, umenila nafasi," Kai alimwambia juu ya jukwaa.

"Wewe umechelewa kufika."

Chokaa ilikuwa imeshakauka. Walishuka wakiwa wamenuniana, wakiogopa kulaumiwa. Imamu wa wakati huo aliinua macho akalitazama lile ua lililopinda, kisha akawatazama wao. "Alhamdulillahi," akasema, "nyote mmefika." Akawaletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe.

Wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Halafu misikiti ikabadilika. Watu waliongezeka Likoni, Kisauni na Changamwe, na siku ya Ijumaa mikeka ikawa inatandikwa mpaka barabarani. Yakaja maghorofa ya zege, madirisha makubwa ya vioo, vigae vinavyong'aa, na makuba. Kila kamati ilitaka kuba.

Kai alienda Chaani akajifunza kazi ya faiba kwa fundi wa boti. Leo ana kiwanda chake huko huko. Hutengeneza makuba ya faiba, mepesi, yanayopakiwa kwenye lori vipande vipande na kuunganishwa juu ya paa. Likipita lori lake, watu husimama kando ya njia na kupiga picha.

Garama anajua kila kitu cha Kai. Anajua lori limeandikwa jina pande zote mbili. Anajua geti la Kai limepakwa rangi gani na kwamba mlangoni pake kuna kengele ya umeme. Yeye siku hizi hupiga plasta ya saruji kwenye nyumba za kupangisha, shilingi elfu moja mia tano kwa siku, na kazi yenyewe huja kwa kubahatisha.

"Nikisikia fulani ameuliza habari za kuba, nageuza njia," anasema. "Kuba lile mtu huliona kutoka kivukoni. Maua yangu, mpaka uvue viatu, uingie, uinue kichwa."

Lakini si kuba lililowatenganisha. Mamake Garama alipofariki, naye akiwa Ganze kwenye matanga, Kai aliomba ruhusa kwa kamati ya msikiti mdogo. Akaipaka mihrabu yao mpira wa majimaji, ukakauka, akaubandua. Akapata kalibu. Kutoka kwenye kalibu ile akawa anamimina mihrabu za faiba, zote sawasawa, akiziuza pamoja na makuba.

Garama hakuambiwa. Miaka miwili iliyopita aliitwa kupiga plasta ukuta wa nje wa msikiti mpya kule Kisauni. Mvua ikanyesha, mlinzi akamwonea huruma akamkaribisha ndani. Akainua macho upande wa kibla. Akaona ua, petali nne kulia, tatu kushoto.

"Nilisimama kama mtu aliyemsikia mwanawe akimwita mwanamume mwingine baba," anasema. "Hata kosa langu ameliuza!"

Garama alimkataza mlamu wake nyumbani, na tangu siku ile Kai hakukanyaga Shika Adabu. Nyamvula ndiye aliyekuwa akija, na hakuja mikono mitupu. Mara nazi, mara kitenge cha Josephine. Kakake alikuwa akizipokea salamu za Kai bila kuzijibu.

Mwaka huu msikiti mdogo wa Shelly Beach ulibomolewa ili ujengwe mkubwa, na ukuta wa kibla ukaondoka na mihrabu yake. Kuba alipewa Kai, hilo halikuwa na mjadala. Iliyobaki ni mihrabu. Garama alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Maalim Mwinyihaji, akaomba aichonge kwa mkono, kwa chokaa, kama ile ya kwanza.

Maalim Mwinyihaji anakumbuka siku hiyo. "Alikaa hapo kwenye kibaraza akakataa hata kahawa. Nikamwambia, mwanangu, wallahi maombi yako ni mazuri, lakini kamati ishakata shauri. Ya Kai yaja tayari, yabandikwa kwa siku moja, na Ramadhani ile yaja. Nilimwonea imani. Aliinuka akanipa mkono kwa adabu, lakini mkono ulikuwa wa baridi."

Siku chache baadaye kamati ilimwita Kai kukamilisha mapatano. Kai akawaambia kwamba kuba litakuja kwa wakati wake, ila mihrabu hana. Kalibu yake imechanika, alisema, imeliwa kingo zote, haifai tena. Kama wanataka maua yale, mtu wa kuyachonga yuko Shika Adabu.

Hivyo ndivyo Garama alivyoipata kazi. Angeipokea kwa furaha, kama si dadake.

"Nyamvula alikuja Jumapili baada ya misa," anasimulia. "Akaniambia, kaka, nikufiche nini? Kalibu iko kiwandani imetundikwa. Nzima. Haina hata mchubuko. Alidanganya kwa ajili yako."

Josephine anamsogezea kikombe.

"Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote," anasema hatimaye. "Kuba amenizidi. Lori amenizidi. Sasa na wema pia?"

Kumepambazuka. Nyuma ya nyumba amejenga tao la kujaribia, akalipaka chokaa, anachonga. Anaanzia kulia. Kisu kinaingia bila sauti, petali zinafunguka moja baada ya nyingine. Ni raha kumtazama. Anapanda mpaka kileleni, kisha anashuka mbio kuanza kushoto. Chini kule kisu kinakwaruza. Chokaa imekauka.

Analibomoa. Ni mara ya tatu.

"Watu wawili," Josephine anasema kutoka jikoni, kama asemaye na sufuria yake.

"Nimekusikia."

"Sijasema nawe."

Anaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, mikono imejaa weupe. Kazi aliyoililia sasa iko mikononi mwake na hawezi kuimaliza peke yake. Wa kushoto wako wapi? Vijana wengi wanajua saruji na jipsamu, chokaa hawajaishika. Anayejua ni mmoja, naye Garama amefunga mlango usoni pake kwa miaka miwili. Mwishowe anatoa simu, anatafuta namba, anampa mkewe.

"Mpigie wewe. Sema umeita wewe."

"Nisemeje?"

"Sema chai imezidi."

Kai anafika alasiri, kwa miguu; lori ameliacha mbali, barabarani. Ni mwembamba, nywele zimeingia vumbi la faiba. Anasimama nje ya ua wa makuti. "Hodi hapa."

"Karibu, shemeji!" Josephine anaitikia. Garama anavuta kigoda kingine kwa mguu.

Wanakunywa chai. Kai anautazama ukuta wenye chokaa iliyobomolewa, anameza kicheko.

"Cheka tu," Garama anamwambia.

"Sicheki. Naona wa kulia amefika."

"Wa kushoto alikuwa Chaani akiuza maua ya watu."

Kai anaweka kikombe chini. "Niliogopa kukuomba, mlamu. Ulikuwa matangani. Halafu kila siku ilivyopita, ikazidi kuwa vigumu kusema." Anakuna kichwa. "Mafundi wangu waliniambia tulizibe lile ua, tulisawazishe. Niliwakatalia. Nikiliondoa, sitaonekana kama niliwahi kufanya kazi na mtu."

Garama anautazama mkono wake mwenyewe.

"Petali tatu zile," anasema, "ndizo nzuri. Zangu zimevimba." Kisha, upesi, kama anayeogopa kueleweka vibaya: "Wivu haujaniisha. Ujue hivyo. Kuba lako nikiliona, nitaumwa."

"Na mimi nikiwa juu ya kuba, nani aniona? Mimi mwenyewe nawaonea wivu mlio ndani kivulini."

Josephine anaingia jikoni ili wasimwone akitabasamu.

Mpango ni kuanza Jumatatu na kuimaliza kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Maalim Mwinyihaji ameshasema watawekewa feni, na kwamba wasije na chakula, watapikiwa. Katika kilele cha tao hawajakubaliana bado. Kai anataka petali nne kwa nne. Garama anasema waende tu, watajua huko huko wakikutana.

Giza linapoanza kuingia Kai anainuka. Garama anamsindikiza mpaka kwenye njia, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Wanasimama. Mmoja anatazama kushoto, mwingine kulia.

"Haya, mlamu. Nyamvula anakusalimu."

"Zimefika." Garama anageuka kurudi, anapiga hatua mbili, anasimama. "Kai."

"Naam."

"Uje tena. Kesho, kabla ya adhana, tujaribu huu ukuta." Anafuta mikono kwenye suruali. "Na kisu usikinoe kwako. Vikombe viko hapa."